Chupa Yenye Rababendi

Bango la getini lilisema SIKU YA MILANGO WAZI, IDARA YA KEMIA, KARIBUNI NYOTE. Kufikia alasiri kila mlango wa idara hiyo ulikuwa umefungwa, na funguo zote zilikuwa mfukoni mwa Koplo, zikilia kila alipopiga hatua.

Inspekta aliyepewa shauri hili alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, asiye na haraka. Kituoni walimwita Inspekta Kwani, kwa kuwa maswali yake mengi yalianza na neno hilo, naye hakuwahi kulichukia jina hilo. Alisema kuna wakubwa wenye majina mabaya zaidi.

Alitembea taratibu kwenye ukumbi wa maonyesho akiangalia meza zake. Maputo yaliyojazwa kwa siki na magadi yalikuwa yameanza kusinyaa. Beseni la ute wa kijani, ule unaovutwa na watoto hadi uwafike viwikoni, lilikuwa bado na alama za vidole. Vipande vya karatasi vilivyonyonya wino na kuutenga rangi rangi vilikuwa vimeanikwa kwenye uzi kama soksi. Watoto wa shule na wazazi wao walishaandikwa majina na kuruhusiwa kwenda. Madirisha yalikuwa na nondo, feni zilikuwa zimezimwa ili zisipeperushe ushahidi, na hewa ilikuwa nzito kiasi kwamba Koplo alifungua kifungo cha juu bila kuomba ruhusa.

Kilichotokea kilionwa na ukumbi mzima wa mihadhara. Profesa, Mkuu wa Idara, alikuwa anafunga mhadhara wake wa wazi kwa onyesho lile lile la kila mwaka. Alimimina maji meupe kwenye maji meupe yakawa pinki. Akaongeza matone ya tindikali, pinki ikapotea. Kisha, kama ilivyo desturi, akasema, "Na sasa kiu imenishika," akainua chupa na kunywa. Kwa kawaida watu hupiga makofi hapo. Safari hii walipiga makofi pia, hadi alipoanguka.

Chupa ile ilikuwa na kostiki, dawa kali ile ile ya kutengenezea sabuni. Sasa Profesa alikuwa chumba cha upasuaji, koo na umio vimeungua.

Simu ya Inspekta ilitetemeka. Alikuwa Mkubwa wake.

"Kwani unasubiri nini?" Mkubwa aliuliza. Hata yeye alikuwa ameambukizwa neno hilo. "Aliyetayarisha chupa ni nani?"

"Fundi wa maabara, afande."

"Basi mlete. Gari la mahabusu lipo njiani. Nataka mtu ndani kabla jua halijazama, nataka na sababu."

"Mtu ninaweza kukupa, afande. Sababu bado."

"Sababu atatupa yeye mwenyewe akishalala sakafuni."

Simu ikakatika. Inspekta akairudisha mfukoni.

Watu waliobaki ndani ya idara walikuwa watatu, na hawakubaki kwa kupenda. Mlango wa chumba cha matayarisho, kilichoko nyuma ya jukwaa, ulikuwa na mlinzi tangu asubuhi, naye aliapa kwa mama yake mzazi kwamba hao watatu tu ndio walioingia kabla ya mhadhara. Nani aliingia lini na kutoka lini, hakujua, maana alikuwa akiwakimbiza watoto wasimwagie sakafu ute. Wa kwanza alikuwa Fundi. Wa pili, Naibu Mkuu wa Idara. Wa tatu, mwalimu mstaafu ambaye vizazi vya wanafunzi vilimwita Babu Chupa, si kwa ulevi, bali kwa sababu hakuweza kupita karibu na chupa ya maabara bila kuigonga kwa ukucha asikie kama ina ufa.

Inspekta alianza na Fundi.

Chumba cha matayarisho kilikuwa chembamba, rafu pande zote mbili, bila dirisha. Fundi alikuwa amekaa juu ya kigoda cha chuma, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, macho yamevimba. Inspekta aliona mara moja kwa nini amejikumbatia hivyo. Koti lake jeupe lilikuwa na mabaka mawili ya majimaji kifuani.

"Una mtoto anayenyonya," Inspekta alisema.

"Ana miezi mitatu, dada. Samahani, afande. Yuko nje na baba yake. Tafadhali, nikamnyonyeshe tu, nirudi. Nifungeni hata pingu."

"Nikikutoa kabla hujaandika maelezo, wakubwa watasema nimekuachia. Nijibu upesi tu. Kwani hiyo michezo ya chupa inakwendaje?"

Fundi alieleza huku akiitazama sakafu. Chini ya meza ya Profesa kuna rafu iliyofichika. Chupa ya kweli, yenye dawa, Profesa huishusha pale akijifanya anachukua kitambaa, na kuinua nyingine yenye maji ya kunywa. Watazamaji hudhani ni ile ile.

"Na zinafanana?"

"Kabisa. Ndiyo maana yenye maji naiwekea rababendi shingoni. Anapapasa tu, anajua."

"Leo uliiweka?"

"Niliiweka, haki ya Mungu. Kwenye chupa ya maji."

"Lakini tumeikuta kwenye chupa ya kostiki."

"Ndiyo."

"Kwani rababendi ina miguu?"

Fundi alizidi kuikunja mikono kifuani.

"Kulikuwa na chupa ngapi hapa ndani?"

"Ya onyesho, ya maji, na moja ya akiba ambayo Naibu aliileta asubuhi. Hiyo ya akiba ilikuwa pinki tayari. Alisema mwaka jana rangi ilififia, watoto wa nyuma hawakuona."

"Kwa hiyo mtu alitoa rababendi kwenye ya maji, akaivisha ya akiba, akazibadilisha nafasi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Ulitoka humu wakati wowote kabla ya mhadhara?"

"Sikutoka."

"Hata kidogo?"

"Sikutoka, afande. Nilikuwa humu muda wote."

Inspekta alimtazama. Mtu anayetafuta kujiokoa husema alitoka. Husema alikwenda msalani, alikwenda kupokea simu, mlango aliuacha wazi. Huyu alikuwa anajifungia mwenyewe kwa komeo.

Naibu alikuwa ofisini kwake akizunguka meza. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na alianza kabla hajaulizwa.

"Nikuokolee muda, Inspekta. Nakitaka kiti chake? Nakitaka. Nakitaka tangu mwaka juzi, na hata wapishi wa kantini wanajua. Lakini nakitaka kwa kura za baraza. Sikitaki kwa kostiki."

"Ila wewe ndiye uliyeileta hiyo kostiki."

"Niliileta, nikaibandika lebo, nikaiweka rafu ya juu. Muulize Fundi."

"Lebo tumeikuta kwenye pipa la taka, imekunjwa vizuri mara mbili."

"Basi aliyeibandua ni mtu nadhifu. Mimi tazama meza yangu." Meza yake kweli ilikuwa kama soko lililopigwa na upepo. "Sasa na mimi nikuulize. Wewe ni mpelelezi, niambie. Chupa aliyoinua ilikuwa pinki. Pinki! Mimi nimekaa safu ya nne na niliiona. Watoto waliiona, wakacheka, wakadhani ni kichekesho kipya. Mtu na uprofesa wake anainua kitu cha pinki, kitu ambacho dakika hiyo hiyo ametoka kutufundisha kwamba pinki maana yake kuna kostiki, halafu anakunywa? Kwa nini?"

"Hilo hata mimi najiuliza," Inspekta alisema.

"Jiulize vizuri. Mimi nimeshindwa kukaa kwa ajili ya hilo swali."

Babu Chupa hakutaka kwenda ofisini kwa mtu. Alikuwa amekaa safu ya mbele ya ukumbi wa mihadhara, pale pale alipokaa wakati wa onyesho, kofia magotini, suti yake ya kahawia imepigwa pasi ikapigika. Ukumbi mtupu ulikuwa na joto la tanuri. Nyuma yake, ukutani, lilining'inia tangazo: *Njooni mwone onyesho mashuhuri la chupa lililobuniwa na Profesa wetu.*

"Shikamoo, Mwalimu," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umechoka."

Inspekta alikaa kiti cha pili kutoka kwake. Mzee alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Profesa alikuwa mwanafunzi wako, nimeambiwa."

"Nimemlea tangu hajui kushika chupa. Na mihadhara hii ya wazi, mimi ndiye niliyeianzisha. Ukumbi ulikuwa hauna hata viti, watoto wakikaa chini. Kila mwaka huwa wananileta, wananikalisha hapa mbele, wananipigia makofi."

"Na mwaka huu?"

"Nimeletwa pia." Aliigeuza kofia yake. "Makofi yalisahauliwa. Si kitu."

"Uliingia chumba cha matayarisho kabla ya mhadhara."

"Niliingia kumsalimia mkwe wangu. Huyu Fundi ni mke wa kijana wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa."

Inspekta hakuwa amelijua hilo. Aliandika.

"Pole sana, Mwalimu. Jambo hili limekuingilia nyumbani kwako."

"Ni binti mwema. Ana adabu, haniiti ila Baba, na tangu aolewe sijasikia ameinua sauti." Mzee akashusha pumzi. "Lakini tangu ajifungue halali. Mtu asiyelala hukosea. Atavisha rababendi chupa hii akidhani ni ile. Mwandikie hivyo, mwanangu, kwamba hakukusudia. Mahakama itamhurumia."

"Kwani unaamini ni yeye?"

"Ninaamini amechoka." Kisha akatikisa kichwa. "Na yule naye, Profesa. Kuigugumia yote mara moja kama mtu wa shambani! Mimi enzi zangu nilikuwa nagusisha mdomo tu, nazungusha chupa, watu wanaridhika. Mkemia hamezi kitu hajakionja kwa ncha ya ulimi. Nilimfundisha hilo mwenyewe. Koo lake limeharibika kwa sababu ya kupenda makofi."

Inspekta alimshukuru, akainuka. Mlangoni alikutana na Koplo, jasho likimtiririka.

"Afande, hospitali wamepiga. Yu hai. Ametoka upasuaji, ila hajaamka, na wanasema akiamka hatasema neno kwa muda mrefu." Koplo akajifuta uso kwa kofia. "Halafu nisaidie jambo moja. Mlinzi ananiuliza, na mimi nimeshindwa kumjibu. Mtu mzima anakunywaje kitu cha pinki mbele ya halaiki?"

"Twende getini," Inspekta alisema.

Nje kulikuwa na upepo, naye Inspekta aliuvuta kwa kifua kizima. Kijana mwembamba alikuwa akitembea kando ya ukuta, mtoto begani, anampigapiga mgongo. Mtoto alikuwa analia kilio kile kilichokwisha kukauka.

"Wewe ndiye mume wa Fundi?"

"Ndiye mimi. Anatoka saa ngapi? Maziwa ya kopo anayatema, afande. Hajala tangu aliponyonya mara ya mwisho."

"Kwani alinyonya lini?"

"Kabla ya mhadhara. Nilimpigia simu mama yake, akatoka, akakaa pale kwenye lile benchi akamnyonyesha mpaka akashiba. Alikuwa anaharakisha, ila nilimwambia asijali, si kuna mtu amebaki na vitu vyake."

"Mtu gani?"

"Hakunitajia." Kijana alimbadilisha mtoto bega. "Na baba yangu yuko salama? Ni mtu mzima, ana presha. Msimweke sana kwenye joto."

"Yuko salama," Inspekta alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani angekuwa na kazi nyingine.

Walipokuwa wanarudi, Koplo alikuwa anatikisa kichwa. "Sikutoka, sikutoka, kumbe alitoka. Njia ya mwongo fupi, afande. Tumempata."

"Tumempata akisema uongo. Uongo una namna zake, Koplo. Kuna wa kujifunika na kuna wa kumfunika mwenzio."

Fundi alikuwa pale pale kwenye kigoda. Mabaka kwenye koti yalikuwa yameongezeka. Inspekta alifunga mlango, akabaki amesimama, maana chumba hakikuwa na kiti cha pili.

"Mwanao analia," alisema. "Nimetoka kumwona. Na baba yake ameniambia ulimnyonyesha kwenye benchi kabla ya mhadhara."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nani ulimwacha humu?"

Binti alitikisa kichwa.

"Fundi, sikiliza. Gari liko njiani. Ukisema ulitoka na ukamtaja uliyemwacha, una njia. Ukikaza kwamba hukutoka, basi rababendi ile ni mkono wako, hakuna mwingine. Kwani hulioni hilo?"

"Naliona, afande."

"Basi?"

"Andika tu kwamba sikutoka."

Inspekta aliegemea rafu. Chupa zikagongana kidogo nyuma yake. "Haya. Tuache hilo. Niambie jambo ambalo kila mtu ananiuliza. Kwa nini Profesa alikunywa kitu alichokiona ni pinki?"

Fundi aliutazama mlango. Kisha akasema kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba Profesa yuko chumba cha pili.

"Hakukiona."

"Vipi?"

"Haoni wekundu. Tangu kuzaliwa. Pinki kwake ni kama maji machafu kidogo, na kwenye taa zile za jukwaani ni maji tu. Rababendi haikuwa ya haraka, afande. Ilikuwa macho yake. Aliniapisha. Mkuu wa Idara ya Kemia asiyejua rangi, ingekuwa kichekesho cha mji."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu," alisema, kisha akaanza kulia, maana aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Koplo, aliyekuwa amejibana mlangoni, aliguna. Hakukuwa na haja ya kusema. Mtu pekee aliyejua kwamba Profesa angeweza kunywa pinki bila kushtuka ndiye huyo aliyetayarisha chupa. Kila alichosema binti huyu kilikuwa tofali jingine kwenye ukuta aliokuwa akijijengea.

Inspekta alitoka, akasimama katikati ya meza za maputo. Hewa haikusogea.

"Koplo," alisema, "leo mchana umeongea na nani kuhusu tukio hili?"

"Mlinzi. Wazazi karibu wote. Naibu. Dereva wa gari la wagonjwa."

"Na walikuuliza nini?"

"Hilo hilo, afande. Anakunywaje pinki. Hata yule mtoto mwenye miwani aliyekuwa anaandikwa jina mwisho kabisa aliniuliza."

"Na Naibu ameniuliza. Na wewe umeniuliza. Mtu yeyote aliyekuwa na macho leo ameuliza, kwa sababu hajui jibu." Inspekta alianza kutembea. "Mtu mmoja amekaa safu ya mbele, hatua chache kutoka ile meza. Amenieleza koo, amenieleza makofi, amenieleza namna ya kuonja kwa ncha ya ulimi. Hilo swali hakuliuliza. Amemlea Profesa tangu hajui kushika chupa. Kwani unaweza kumfundisha mtu kemia miaka na miaka usijue kwamba haoni rangi?"

Koplo alisimama. "Lakini si ndiye baba mkwe?"

"Ndiyo sababu binti hakutoka chumbani."

Babu Chupa hakuwa amesogea hata kidogo. Inspekta hakukaa.

"Mwalimu, chupa aliyoiinua Profesa ilikuwa rangi gani?"

"Pinki."

"Uliiona vizuri?"

"Macho yangu ni mazima, mwanangu."

"Watu wote walioiona wameniuliza kwa nini alikunywa. Wewe hukuuliza."

Mzee aliitazama kofia yake. Alipojibu, sauti haikutetemeka. "Kutouliza si kosa. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekwambia umepata wazo zuri, nenda sasa kalithibitishe. Una alama za vidole vyangu? Kila chupa ya idara hii nimeigusa, kila mtu anajua mkono wangu haukai. Una shahidi?"

"Ninaye mmoja."

"Basi mlete."

Alikuwa na uhakika. Inspekta aliuona uhakika huo, na ulimkasirisha kuliko uongo wote aliokuwa ameusikia tangu mchana. Alimpungia Koplo mkono.

Fundi aliletwa. Alipomwona aliyekaa pale alisimama kwa mbali, akageuza uso pembeni, mikono bado kifuani, kama anavyosimama mke wa mtu mbele ya baba mkwe wake sebuleni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, binti yangu."

"Mwalimu naye asikie ninachokijua," Inspekta alimwambia. "Kwamba alibaki na chupa ulipotoka. Yeye anasema nithibitishe. Mimi nimemaliza. Mnaweza kuzungumza."

Funguo zililia mfukoni mwa Koplo. Kisha Fundi akapiga magoti pale pale aliposimama, kwenye sakafu ya ukumbi, akasema haraka haraka bila kuinua macho.

"Baba, usiseme chochote. Mimi bado kijana, nitafungwa na nitatoka. Wewe ukiingia hutatoka. Presha itakuua humo. Na yeye, mwanao, hatavumilia. Acha iwe mimi."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta aliinua kidole, asiseme kitu.

Alikuwa anasubiri mzee akatae. Kwa kweli alikuwa na hakika atakataa. Kwa miaka yote ya kazi hiyo alikuwa ameona wezi na wauaji, na wengi wao, wakiwekewa mtoto wa mwenzao upande wa pili wa mizani, walishtuka walau kwa uso.

Babu Chupa aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa upole:

"Mtoto atalelewa na bibi yake. Hatakosa kitu."

Fundi aliinua uso. Tangu aolewe pengine hakuwahi kumtazama mzee huyo machoni, na sasa alimtazama, akakaa akimtazama. Kitu alichokuwa amekibeba kwa ajili yake tangu mchana kilimtoka, na Inspekta alikiona kinavyomtoka. Binti aliinuka, akakung'uta magoti.

"Nilitoka," alimwambia Inspekta. Sauti yake ilikuwa kavu. "Andika. Nilikwenda kumnyonyesha mwanangu. Nilimwacha yeye. Aliniambia, nenda binti yangu, nitakuangalizia vitu vyako. Niliporudi, nilimkuta anakunja kikaratasi. Sikukitilia maanani. Ni baba yangu, ningekitilia maanani vipi?"

"Binti," mzee alisema.

"Na kuhusu macho ya Profesa, aliyajua kabla yangu. Profesa mwenyewe aliniambia. Alisema Mwalimu ndiye aliyekuwa akimsomea rangi kwenye mtihani, enzi zao."

Mzee alijaribu kuinuka, akashindwa. Akarudi kitini. Alipozungumza hakuwa anazungumza na mtu wa pale ukumbini.

"Nilitaka ateme tu. Ateme mbele yao, waone. Wamwulize huyo mbunifu wao wa onyesho langu, kwani huoni? Mtu yeyote niliyemfundisha mimi angetema."

"Hakutema," Inspekta alisema. "Koplo, mtoe Mwalimu polepole. Mpe maji kwanza. Gari likifika, keti naye nyuma, usimfunge."

Yeye mwenyewe alimtoa Fundi. Alichukua funguo kwa Koplo, akapitia korido, akafungua mlango mmoja, wa pili, na wa tatu wenye komeo la chuma, kisha wakawa nje. Binti hakukimbia kama Inspekta alivyotarajia. Alitembea akiikokota miguu, na kadiri walivyolikaribia geti ndivyo mwendo wake ulivyopungua.

Mume wake aliwaona. Alikuja mbio, mtoto mkononi, uso wote unacheka.

"Ashukuriwe Mungu. Nilijua tu wataona ukweli. Shika, shika mwanao, ameniua kwa kelele."

Fundi alimpokea mtoto, akakaa kwenye benchi, akageukia ukuta na kufungua koti. Kilio kilikatika papo hapo. Kijana alisimama pembeni akimkinga kwa mgongo wake, akachungulia mlango wa idara nyuma ya Inspekta.

"Na Baba je? Mwambieni atoke basi, twende nyumbani sote."

Inspekta alifungua mdomo. Fundi alimtangulia kutikisa kichwa, akamwomba kwa macho amwachie hilo yeye, kisha akamwinamia mtoto.

"Baba yuko wapi?" mume wake aliuliza tena.